Mkeka utandikwe kabla mama hajafika

Swali: «Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Tabata Segerea na mume wangu, watoto wetu watatu, binti wa miaka 12, mvulana wa miaka 9 na mdogo wao wa miaka 5, pamoja na mama mkwe. Nimeajiriwa katika duka la vitambaa Kariakoo, nami hufika nyumbani saa 1:30 usiku nikiwa hoi. Mume wangu ni seremala, karakana yake iko mtaani kwetu, na yeye hurejea saa 12 jioni. Tangu joto la Desemba lianze, jioni zetu zimekuwa ngumu. Ndani ni kama tanuri, watoto wanagombania feni na simu, mimi nikifika naingia moja kwa moja jikoni, na kila mtu analala amenuna. Watoto wananidai Coco Beach kila Jumamosi, nami naahidi na kushindwa. Je, familia ya kipato chetu inawezaje kufurahia jioni za kiangazi bila gharama kubwa, na bila mimi kuongezewa kazi?»

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye maneno yake ya mwisho, pale uliposema «bila mimi kuongezewa kazi». Katika miaka niliyofundisha sayansi kimu, na baadaye katika miaka ya kushauri familia za hapa Dar es Salaam, nimeona raha nyingi za nyumbani zikifa kwa sababu hiyo moja, kwamba ziliwekwa mabegani mwa mtu ambaye tayari alikuwa amebeba kila kitu kingine. Mama anarudi kutoka kazini, anapika, anaosha vyombo, anakagua madaftari, kisha anaambiwa kwamba mama mwema huwachezesha watoto wake. Kwa hiyo jibu langu lote linasimama juu ya sharti moja, nalo ni kwamba jioni yenu iwe imekwisha kuanza kabla wewe hujateremka kwenye daladala. Ufike uikute.

Nianze na joto, kwa maana ninaamini ugomvi wa watoto wako unatoka humo zaidi kuliko unavyotoka kwenye tabia zao. Nyumba zetu nyingi za sasa zimejengwa kwa tofali za saruji na kuezekwa kwa bati. Bati huwaka mchana, lakini jua likitua hupoa upesi. Ukuta wa saruji hauko hivyo. Huo hunywa joto kutwa nzima na kuanza kulitoa polepole usiku unapoingia, na ndiyo maana saa 1 usiku chumba kinaweza kuwa na joto kuliko uani hatua tano tu kutoka hapo. Ukiwa na dari, hewa ya moto iliyonaswa kati ya dari na bati nayo huendelea kuwashukia. Watu sita wakijifungia humo, televisheni ikiwaka na jiko likichemka chumba cha pili, hakuna mtoto atakayekuwa mpole. Feni, nayo, haipoozi chumba hata kidogo. Hukausha jasho kwenye ngozi ya aliye mbele yake, na kwa sababu hiyo watoto wana haki ya kuigombania, kwa kuwa asiyepata upepo wake hapati kitu. Basi dawa ya kwanza haihitaji fedha: kati ya saa 12:30 jioni na saa 2:15 usiku, nyumba iachwe peke yake ipumue, madirisha ya pande zote mbili na mlango wa uani vikiwa wazi ili upepo upenye kutoka upande mmoja hadi mwingine, na watu wote wawe nje.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kulisomea darasani. Ukiingia katika nyumba za Kiswahili zilizobaki Kariakoo, Ilala au Magomeni, utaona ukumbi mrefu unaotoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vikiwa kulia na kushoto, na mbele ya nyumba kuna baraza. Ukumbi ule ulikuwa njia ya upepo, na baraza ilikuwa sebule ya jioni. Lugha yenyewe imehifadhi desturi hiyo, kwani tunalo neno zima la kubarizi, na tunasema kupunga upepo kana kwamba ni shughuli yenye jina lake, kwa sababu kweli ilikuwa shughuli. Tangu takriban Desemba hadi Machi upepo wa kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, na hata ule uliochoka, unaofika Segerea baada ya kupita juu ya mapaa yote ya mji, ni bora kuliko hewa ya chumbani kwako. Nimeona nyumba mpya nyingi zikijengwa bila baraza, zikiwa na ukuta mrefu na geti la chuma, na ninasikitika kila ninapoziona. Kama yenu haina baraza, uani panatosha, au hata ile nafasi nyembamba kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa jirani, mradi upepo unapita hapo. Jaribuni mahali pawili au patatu kabla ya kuamua. Mtoto wa miaka mitano akishika kipande cha kanga juu atawaonyesha upepo unatokea wapi.

Sasa nije kwenye mkeka wenyewe, na hapa nitazungumza na mume wako kupitia kwako, kwa heshima zote. Yeye hufika nyumbani saa 12 jioni. Kuanzia Januari hadi Februari jua hapa kwetu hutua kama saa 12:45 au dakika chache baada ya hapo, kwa hiyo ana zaidi ya nusu saa ya mwanga ambayo wewe huna. Ndiye anayeweza kuwa mwenyeji wa jioni. Kazi yake ni ndogo na inajulikana: afungue madirisha, awashe jiko uani, asimamie watoto waoge, kisha binti yenu mkubwa na mdogo wake wa kiume watandike mkeka saa 1 kamili, iwe umekawia au hukukawia, iwe mna nyama au mna maharage. Maji ya kuoga yakae kwenye ndoo kivulini tangu asubuhi, kwani yale ya kwenye tangi la plastiki juani huwa ya moto hadi usiku. Uani panaweza kunyunyiziwa maji kidogo kutuliza vumbi, ingawa usitarajie yatapooza hewa sana. Mji wetu una unyevu mwingi angani wakati huu wa mwaka, na maji hayakauki kwa kasi ya kuleta ubaridi kama ilivyo Dodoma. Kisha wasubiri. Ukiingia, uvue viatu, uoge, ukae. Kwa dakika kumi za mwanzo asikuulize mtu chochote kuhusu ada, daftari wala sare. Sharti hili liwekwe na baba, kwa sababu likiwekwa na mama watoto hulichukulia kuwa ni hasira.

Unaweza kuhofia kwamba mume wako atasema jioni ni wakati wake wa kwenda kibanda umiza kutazama mpira. Mechi kubwa za Ulaya za katikati ya wiki, wakati wao wa baridi ambao ndio kiangazi chetu, nyingi huanza saa 5 usiku kwa saa za kwetu. Mkeka utakuwa umekunjwa zamani.

Chakula cha usiku kiliwe hapohapo mkekani, kwenye sinia. Nasema hivi kwa sababu ya hesabu ya muda. Watoto wa shule wa mji huu wengi huamka saa 11 alfajiri, na mtoto wa umri wa watoto wako anahitaji usingizi wa saa 9 au zaidi. Ukifika saa 1:30, mkala na kukaa pamoja mpaka saa 2:15, wanaweza kulala mapema kiasi, na upungufu unaobaki wakaulipa kwa kulala kidogo mchana wakirudi shule. Mkila kwanza ndani kisha mkasema sasa tutoke tukafurahi, itakuwa saa 3:30 na raha imegeuka kuwa deni la kesho. Chakula na raha viwe kitu kimoja.

Na chakula chenyewe kiwe cha kiangazi. Kazi nzito ifanyike wakati wa baridi ya alfajiri au usiku uliotangulia: kuloweka na kuchemsha maharage, kumenya vitunguu, kuandaa mboga. Jambo moja tu lisifanywe mapema, nalo ni kuunga kwa nazi, maana mchuzi wa nazi uliokaa kutwa kwenye joto la Januari huchacha kabla ya magharibi, na wali uliopikwa mchana ukaachwa mezani unaweza kuwaumiza tumbo hata kama haunuki. Tui liingie jioni, kwenye jiko la uani. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata likibaki na makaa machache ya kuchemshia chai, kwa sababu hewa ya mkaa katika chumba kilichofungwa huua watu wakiwa usingizini. Siku mbili au tatu katika wiki msipike kabisa chakula kizito. Mihogo ya kuchemsha na kachumbari yenye ndimu nyingi, au viazi vitamu na samaki aliyekaangwa mchana huohuo, vinatosha kabisa. Familia haidhuriki kwa kukosa ugali siku ya Alhamisi.

Matunda ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi ya majira haya, na hapa joto linatulipa fidia. Kuanzia Novemba hadi Februari maembe yanajaa mjini, nawe unapita karibu na soko la Buguruni kila siku. Fundisheni watoto majina. Mtoto anayeweza kutofautisha dodo na bolibo na sindano kwa kunusa tu ana elimu ambayo hakuna shule itakayompa. Maembe yatiwe kwenye ndoo ya maji saa 12 jioni, na kufikia saa 1:30 yatakuwa yamepoa vizuri bila friji. Yale mabichi yakatwe vipande vyembamba, yatiwe chumvi na pilipili ya unga. Nina hakika mama mkwe wako atakuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mananasi ya Kiwangwa, kule Bagamoyo, huwa mengi mwishoni mwa mwaka, na matikiti hayakosekani. Tunda liwe moja kwa jioni moja, likatwe mbele ya wote, na mkataji awe mtoto mmoja kwa zamu, wa miaka 9 akisimamiwa. Mnapolikata nanasi, bibi atege kitendawili, «Kuku wangu katagia mwibani», na aliye mdogo kuliko wote apewe nafasi ya kwanza kulitegua. Kama mnayo friji, au jirani anayo, ukwaju uloweke kwenye maji yaliyochemshwa, uchuje, uweke sukari kidogo kuliko unavyofikiri, kisha ugandishe kwenye vikombe vidogo. Hizo barafu watoto watazikumbuka kuanzia asubuhi.

Nimetaja kitendawili, na najua unangoja nikuambie michezo ya kufanya. Hapa ninakuonya kutokana na kosa langu mwenyewe. Watoto wangu walipokuwa wadogo nilibandika ratiba ukutani: Jumatatu hadithi, Jumanne nyimbo, Jumatano mafumbo, na kuendelea. Niliiandika kwa nia njema na kwa hati nzuri. Kufikia wiki ya tatu mtoto wangu wa pili alikuwa akisema anaumwa kichwa kila Jumanne, na mimi nilikuwa nimegeuka kuwa mwalimu wa zamu katika nyumba yangu. Nilipoibandua, nyimbo zilirudi zenyewe. Kwa hiyo wekeni saa na mahali, basi. Yatakayotokea hapo yaachwe yatokee, pamoja na kimya. Jioni nyingine watoto watalala chali na kutazama juu bila kusema neno, na hiyo ni jioni iliyokamilika.

Lakini vitu viwepo karibu. Mume wako ni seremala, na ninamwomba achonge bao kutoka kwenye kipande cha ubao kilichobaki karakanani. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64, ambazo desturi yake ni komwe, ingawa kokoto laini nazo hufaa. Likimshinda kwa sasa, mashimo ya kuchimba kwenye mchanga wa uani yatatosha. Ni mchezo wa kuhesabu kwa haraka, na mvulana wa miaka 9 anaweza kuumudu ndani ya kiangazi kimoja akiwa na mtu mzima mvumilivu wa kumfundisha. Binti mkubwa na rafiki zake wana mdako, unaohitaji vijiwe tu. Na wakati huohuo aliye karakanani atengeneze benchi fupi lenye mgongo kwa ajili ya mama yake, kwa kuwa magoti ya mzee hayaupendi mkeka, na bibi akikaa vibaya ataingia ndani mapema, naye akiingia mtakuwa mmepoteza hazina kubwa mliyonayo jioni.

Bibi huyo ana mambo ambayo wewe na mume wako hamna muda wa kuyasema. Akisema «Paukwa», wafundishwe kuitikia «Pakawa» kwa sauti moja, hata kama hadithi ni ileile ya jana. Watoto wadogo hupenda ileile. Akichoka na sungura na fisi, muulizeni kuhusu mji. Watoto wako wanakuona ukienda Kariakoo kila siku na pengine hawajui kwamba jina hilo lilizaliwa na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wala kwamba kabla Sultani Majid wa Unguja hajaanza kujenga hapa katika miaka ya 1860, kijiji cha pwani hii kiliitwa Mzizima. Mbingu nazo zina habari zake. Mnamo katikati ya Januari, kama saa 2 usiku, anga likiwa safi na taa ya nje ikizimwa, tazameni upande wa kaskazini, juu sana, mtaona kundi dogo la nyota zilizobanana kama vifaranga. Hicho ni Kilimia. Wakulima wetu walikihesabia misimu, na usemi wao ungali hai: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Umeme ukikatika, hamtapata nafasi bora zaidi ya kukiona.

Kuhusu simu sina mengi. Zikae ndani, zote, ikiwemo ya baba na yako, kwenye kapu moja lililowekwa juu ya kabati, tangu mkeka unapotandikwa hadi unapokunjwa. Ni dakika 75. Bosi wako akikutafuta wakati huo, utampigia saa 2:15.

Jambo la mbu linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu mtu anaweza kufuata ushauri wangu wote na kuishia hospitali. Mji huu ulipata mlipuko wa homa ya dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu anayeieneza hana tabia za yule wa malaria. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na saa za alasiri kuelekea giza, na hupenda kuzaliana katika maji safi yaliyotuama kwenye vyombo vidogo karibu na watu: ndoo isiyofunikwa, tairi bovu, kifuu cha nazi, sahani chini ya chungu cha maua. Mayai yake hunata kwenye ukingo wa chombo na yanaweza kustahimili ukavu kwa miezi, kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ndoo isuguliwe ndani kwa brashi. Kutoka yai hadi mbu ni kama wiki moja au siku kumi, hivyo kazi hii ikifanywa kila Jumapili asubuhi, na ninaipendekeza kwa mvulana wenu, mnavunja mzunguko wake. Jioni watoto wavae nguo nyepesi zinazofunika miguu na mikono. Feni ile waliyokuwa wakiigombania iletwe mlangoni ielekezwe mkekani, kwani mbu ni mrukaji dhaifu na upepo humshinda. Feni ya wati 60 kwa saa mbili haili hata sehemu ya sita ya uniti moja ya umeme. Moshi wa kuchoma vifuu siupendi, hasa kama kuna mtoto mwenye pumu. Na wakiingia kulala, chandarua kiwe kimekwisha kushushwa, kwa sababu yule wa malaria ndiyo kwanza anaanza zamu yake.

Nafika Coco Beach. Acha kuahidi kila Jumamosi. Ahadi nne kwa mwezi zinazovunjwa zinawachosha watoto kuliko kukosa kabisa, na wewe zinakupa hatia usiyostahili. Ahidi mara moja kwa mwezi, kisha tarehe hiyo ichaguliwe na mwezi wenyewe. Ufuo ule unatazama mashariki, kwa hiyo hamtaona jua likizama baharini hapo, ila siku ya mwezi mpevu mtaona kitu kizuri zaidi: jua likitua nyuma yenu mjini, mwezi mzima unachomoza kutoka majini mbele yenu, karibu wakati uleule. Mama mkwe kama anafuata kalenda ya Kiislamu atakuambia siku bila kufungua simu, kwani ni usiku wa kumi na nne au wa kumi na tano. Mkichelewa siku moja, mwezi nao hukawia kwa kama dakika 50. Siku hizo ni za bamvua. Maji hujaa sana takriban saa 10 alasiri, halafu huanza kutoka, hivyo kufikia saa 12 jioni mtapata mchanga ulioachwa na maji, wenye unyevu, mzuri wa kukimbilia. Kuogelea kusiwepo kabisa jioni hiyo. Maji yanayotoka huvuta kwa nguvu, na giza likiingia hakuna anayeweza kuhesabu vichwa vya watoto. Waloweshe miguu, wale mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chachandu, warudi. Beba maji yenu ya kunywa na embe zenu kutoka nyumbani, na mihogo iwe ndiyo matumizi pekee.

Tena si lazima iwe Coco. Wewe tayari uko mjini kila siku, na umekuwa ukifikiri kwamba lazima urudi Segerea uwachukue watoto kisha mwende tena mjini, safari ambayo ingemchosha hata kijana. Igeuze. Siku utakayotoka kazini mapema, baba awalete wao kwako. Mkutane kituo cha Gerezani, mpande basi la mwendokasi hadi Kivukoni, na hapo mbele yenu kuna pantoni la Kigamboni. Kwa mtoto wa miaka mitano, kuvuka mlango wa bandari kwenye chombo kilichojaa watu, baiskeli na magari, meli kubwa ikisubiri kupita, ni safari ya baharini iliyo kamili. Mkishafika ng'ambo, geukeni mtazame mlikotoka: jua litakuwa linashuka nyuma ya majengo ya mji. Kisha mrudi na pantoni linalofuata, na safari ya kurudi ndiyo watakayoipenda zaidi, kwa sababu taa zitakuwa zimewaka. Kwa wanaopenda kutembea, Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lina njia ya waenda kwa miguu na upepo ambao hauna kizuizi, nalo lina urefu wa kilomita moja hivi, kiasi ambacho mguu wa mtoto unaweza. Mdogo wenu mpande naye daladala mkirudi, msimlazimishe kulivuka kwa miguu mara mbili.

Neno kuhusu Ramadhani, ikiwa mnafunga au mna majirani wanaofunga. Mwezi huu husogea nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na kwa miaka hii umeangukia ndani ya joto letu. Ni wakati ambao mji mzima unathibitisha kwamba jambo hili linawezekana, maana watu walewale wanaosema hawawezi kufika nyumbani kabla ya saa 2 huonekana wakikimbilia futari kabla ya adhana. Mwombe mwenye duka akuruhusu utoke nusu saa mapema katika mwezi huo, ukifidia asubuhi, wengi hukubali. Mkeka uwe ndio wa futari, na sahani moja ya magimbi au mihogo ya nazi ivuke ukuta kwa jirani. Sahani ile haitarudi tupu, na watoto wako watajifunza kuvuka nayo bila kumwaga.

Sitaki uanze yote haya wiki moja. Wiki ya kwanza iwe madirisha, mkeka na kula nje tu, hata kama watoto watalalamika wamekosa tamthilia. Mume wako asipotandika siku moja, usitandike wewe. Kaeni ndani siku hiyo, joto litamkumbusha. Bao, benchi na pantoni vitafuata kwa nafasi yake.

Mvua za masika zikikaribia, kwa kawaida katika Machi, mkeka uhamie ukumbini karibu na mlango ulio wazi, saa ikibaki ileile. Kama ni wa ukindu, usiukunje ukiwa na unyevu, kwani utaota ukungu mweusi usiotoka. Uanike kivulini kwenye kamba mpaka ukauke pande zote mbili, kisha usimamishwe nyuma ya mlango, mahali ambapo binti yako anaufikia bila kuomba.